Mpira wa Akiba ni wa Nani?

Mtu afungaye safari ya mbali kwa baisikeli huamua mambo mazito usiku wa kuamkia safari, wala hajui kwamba anayaamua. Ameketi sakafuni, taa i karibu naye, na mfuko wake mdogo u wazi mbele yake. Hiki atakichukua, kile atakiacha. Kila achukuacho kitamlemea mlimani, na kila aachacho huenda akakililia njiani. Wengi hudhani ya kuwa hili ni shauri la mafundi tu. Sisi nasi tulidhani hivyo kwa miaka mingi, hata siku moja ya mwaka 1998 katika njia itokayo Singida kwenda Katesh. Habari ya siku hiyo tutaieleza mbele kidogo, ijapokuwa si habari ya kutuletea sifa.

Kwanza na tuseme mfuko wenyewe una nini, maana siku hizi za pikipiki na mabasi si wasomaji wote waliopata kusafiri mbali kwa nguvu za miguu yao. Baisikeli kubwa ya namna ya Kiingereza, ambayo imebeba watu na mizigo katika bara letu kwa muda mrefu, ina tairi ya inchi 28 kwa 1½. Kwa desturi ya kale gurudumu lake la mbele lina spoki 32 na la nyuma 40. Spoki hukatika zaidi katika gurudumu la nyuma, upande wa friwili, penye kipindo chake. Moja ikikatika, msafiri huifunga kwa jirani yake kwa kipande cha waya isipige fremu, akaenda pole pole hata afike kwa fundi. Breki ikilegea, hushuka na kukokota mteremkoni. Mnyororo ukikatika, mwenye pini na jiwe zuri la kugongea huweza kuuunga. Haya yote humchelewesha mtu, walakini hayamsimamishi kabisa.

Hewa ikitoka na isirudi, hapo safari imekwisha. Wako wajazao tairi majani makavu. Nasi tumepata kujaribu, twaweza kushuhudia ya kuwa mtu hufika, ila rimu huumia na mwili huumia zaidi. Kwa hiyo mfuko wa msafiri mwenye akili, zaidi ya spana na pampu, ni mfuko wa kulinda hewa: viraka, solusheni, kipande cha msasa, kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani ya tairi iliyochanika, na kile kimpira chembamba cha vali ya kale, ambacho urefu wake haupiti kidole gumba, nacho kikipasuka mtu mzima na mzigo wake wote husimama. Juu ya hayo huwapo mpira wa ndani mzima, wa akiba. Huo ndio mzito kuliko vingine, tena ndio wenye thamani kuliko vingine, kwa sababu kiraka hushika mahali pote isipokuwa pamoja, yaani penye shina la vali. Vali ikichanika shinani, hakuna fundi wala solusheni itakayofaa. Yahitajika mpira mwingine.

Zamani shida hii haikuwapo. Thomas Stevens aliondoka San Francisco mwaka 1884 juu ya baisikeli yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, akafika Yokohama mwaka 1886, naye alipanda juu ya mpira mgumu usio na hewa ndani. Dunlop alitengeneza mpira wake wa hewa huko Belfast mwaka 1888, baada ya safari ile. Mfuko wa Stevens ulikuwa na soksi, shati moja la kubadili, koti la mvua lililokuwa pia hema na kitanda chake, na bastola. Akiba yake ilikuwa ya kujikinga na mvua na watu. Akiba yetu sisi ni ya kujikinga na mbigili na miiba ya migunga. Au ndivyo tulivyojiambia.

Basi, siku ile tulitoka Singida alfajiri. Njia ilikuwa bado ya udongo na changarawe, haijatiwa lami. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, nchi imekauka, na Mlima wa Hanang ulikuwa mbele yetu kama kivuli cha buluu usiotaka kusogea. Yapata saa nne tulimkuta mtu amesimama kando ya njia chini ya mti, ameipindua baisikeli yake, magurudumu juu. Alikuwa anakuja kutoka upande tunakokwenda. Karibu naye aliketi mtoto wa kiume wa miaka sita hivi, amefunikwa kanga mbili, naye alitetemeka ijapokuwa jua lilikuwa kali. Hatukuhitaji kuuliza mtoto ana nini wala wanakwenda wapi.

Tulisalimiana. Tukamwuliza, "Kumekuwaje, ndugu?" Akatuonyesha mpira wake wa ndani: vali imeng'oka na shina lake. Tukafungua mfuko wetu tumpe viraka, kama afanyavyo mtu asiyetaka kuamini anachokiona. Akatazama viraka, akatikisa kichwa kwa upole, maana alijua kazi ile kuliko sisi. Ndipo macho yake yakaona mpira mpya uliokunjwa chini ya spana.

Akauliza kwa adabu, "Na huo je, ndugu?"

Tukamjibu, "Huo ni wa safari, ndugu yangu. Mbele ni mbali."

Akataja kulipa. Tukasema ya kwamba fedha haijazi hewa. Tulilitamka neno hilo kwa namna ya mzaha, nasi twalikumbuka kuliko mengine yote. Akasema, "Kweli, mbele ni mbali." Akairudisha tairi yake tupu mahali pake. Majani ya kuijaza hayakuwapo, isipokuwa yaliyovunjika kama unga mkononi. Akamweka mtoto juu ya keria, akamfunga kwa upande wa kanga asianguke, akaanza kuisukuma kuelekea Singida. Palikuwa na kilomita 25 au zaidi. Sisi tukapanda, tukaenda zetu. Hatujui yaliyompata mtoto yule. Tulipita njia ile tena mara nyingi, tukauliza, wala hatukupata mtu awajuaye.

Jioni ile tulipofika Katesh, tulijitetea mbele ya nafsi yetu kwa maneno yasiyo ya kipumbavu, nasi yafaa tuyaweke hapa jinsi yalivyokuwa. Tulisema kwanza ya kuwa mpira ulikuwa wetu, umenunuliwa kwa jasho letu. Tena tulisema ya kuwa tulikuwa na kilomita zaidi ya 50 mbele yetu, na kama nasi tungalipasukiwa, wangalikuwa watu wawili waliokwama badala ya mmoja. Mwisho tulisema neno lililo zito kuliko hayo: ya kwamba kama ni sharti kumpa kila mhitaji, basi mtu wa kwanza akutanaye naye ataumaliza mfuko, na kujiandaa hakuna maana tena. Mwenye busara atakuwa mtumishi wa wasio na busara. Wahenga nao walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na wasomaji wetu wengi watakumbuka habari ya wanawali kumi, ambamo watano wenye akili hawakuwagawia wenzao mafuta, wala hawalaumiwi.

Tumeyapima maneno haya kwa miaka mingi. La kwanza ni jepesi. Kitu chaweza kuwa changu na bado nikawa na wajibu wa kukitoa. La sivyo hakungekuwa na jambo liitwalo uchoyo, kwa kuwa mchoyo hazuii cha mwenziwe, huzuia kilicho chake. La pili lina nguvu, illa lina kasoro moja kubwa: lachanganya lililokwisha kuja na lililo katika mawazo. Shida ya mtu yule ilikuwa imeketi chini ya mti, inatetemeka. Shida yetu ilikuwa labda. Tena hata kama ingalikuja, tungalikuwa na viraka, na pampu, na miguu miwili yenye afya, wala hapana mgonjwa juu ya keria yetu. Tungalitembea, tungalichelewa mkutano, tungalilala katika nyumba ya mtu tusiyemjua, tukala ugali wake. Kosa letu lilikuwa katika kupima mpira kwa mpira, wake umeharibika na wetu mzima, tusipime kile ambacho kila mmoja angalipatwa nacho kwa kuukosa.

Kuhusu wale wanawali, twaona ya kuwa hatuwezi kujificha nyuma yao. Wao walikuwa na wauzaji wa kuwaelekeza wenzao. Kati ya Singida na Katesh, chini ya mti ule, muuzaji hakuwapo, na sisi tulilijua hilo vema sana, kwani ndiyo sababu tuliubeba mpira wenyewe.

Lile la tatu, kwamba mwenye kujiandaa atakuwa mtumwa wa wazembe, hatujalimaliza hata leo. Wako watu wasafirio bila pampu mwaka baada ya mwaka, wakiitegemea ya mpita njia. Nao si maskini wote, maana simu wanazo, na miwani ya jua wanayo. Mtu wa namna hiyo huweka akiba yake katika mfuko wa mwenziwe, na mwenziwe ndiye aibebaye mlimani. Hilo ni dhuluma ndogo, walakini ni dhuluma. Shida ni kwamba kando ya njia huwezi kuwatenga watu. Mzembe na maskini na mwenye bahati mbaya husimama kwa namna moja, baisikeli imepinduliwa, mikono ina masizi. Vali ing'okayo haimchagui mzembe. Sisi twaona ni afadhali kudanganywa na wazembe wawili kuliko kumpita mmoja kama yule. Ijapokuwa twakiri ya kuwa ni rahisi kuyasema haya tukiwa tumeketi mezani.

Tena liko jambo ambalo tulilificha kwa muda, kwa sababu lilituchekesha kwa uchungu. Mpira ule wa akiba tulikuja kuuhitaji miezi mingi baadaye. Tukautoa, tukautia ndani ya tairi, tukapiga pampu, hewa ikatoka kama inavyoingia. Tukautia katika beseni la maji: matundu mawili, yamekaa penye mkunjo. Ulikuwa umelala mfukoni pamoja na spana, na kwa mtikisiko wa njia spana iliusugua hata ikautoboa. Mwenye kazi hii anajua ya kuwa mpira wa akiba hufungwa katika kitambaa, ukanyunyiziwa unga wa talki, na kuwekwa mbali na vyuma na mafuta na jua. Sisi tuliutupa tu mle. Wahenga husema akiba haiozi. Hawakuwa wamesafiri na mpira. Hata solusheni, mara bomba lake likifunguliwa, hukauka yenyewe, uitumie usiitumie.

Hatujui matundu yale yaliingia lini. Yawezekana ya kuwa siku ile ya Oktoba mpira ulikuwa tayari umetoboka. Rafiki mmoja, mtu wa maneno ya faraja, alipoisikia habari hii alisema, "Basi mmetulizwa. Mngempa, usingemfaa kitu." Tulimshukuru, wala hatukutulia. Kwanza, tundu la mkunjo huzibwa kwa kiraka, na viraka tulikuwa navyo, na mtu yule alijua kuziba. Lakini tuseme mpira ulikuwa umeoza wote, haufai hata kufungia kuni. Je, tusingekuwa na hatia? Sisi hatukumnyima mpira mbovu. Mkononi mwetu na akilini mwetu ulikuwa mzima, nao ndio tuliomnyima. Mtu atiaye sumu katika chakula cha adui yake, na sumu ikawa chumvi kwa kosa la muuza duka, hawezi kwenda kulala akijiita mpishi. Kinyume chake nacho ni kweli: kama tungaliutoa kwa moyo mweupe, nao ukaonekana mbovu, tungaliona haya kwa ajili ya uzembe wetu wa kufunga mizigo, tusione haya kwa ajili ya moyo wetu. Hizo ni haya mbili, wala si sawa.

Wako watu wasifuo sana kujitosheleza, na mchezo wa baisikeli umewapa mifano. Katika mbio za Tour de France za zamani ilikuwa amri ya kwamba kila mpandaji ajitengenezee chombo chake mwenyewe, asisaidiwe na mtu. Ndiyo sababu picha za miaka ile zaonyesha watu wenye mipira iliyozungushwa mabegani kama nyoka. Mwaka 1913 Eugène Christophe alivunjika uma wa gurudumu la mbele katika mlima wa Tourmalet. Akaibeba baisikeli yake na kutembea zaidi ya kilomita 10 hata kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia katika kiwanda cha mhunzi, akaufua uma kwa mikono yake mwenyewe huku waamuzi wamesimama wanamtazama. Alipoteza muda wa saa nyingi na tumaini lote la kushinda. Tena akaongezewa adhabu ya dakika, kwa kuwa kijana wa mle kiwandani alimvukutia moto.

Tumeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara macho yetu humwendea yule kijana wa mivukuto kabla ya Christophe. Katika mchezo, amri ni amri, nasi hatuilaumu. Mbio zisizo na masharti si mbio. Lakini wako wachukuao masharti ya mchezo wakayafanya kuwa masharti ya maisha, wakaona ya kuwa msaada upokewao ni doa. Mtu atakaye kutomhitaji mtu awaye yote sharti abebe kila kitu, na abebaye kila kitu huogopa kila aombaye. Ndivyo tulivyokuwa siku ile. Hatukuwa na uchoyo wa fedha, wala hatukumchukia mtu yule. Tulikuwa tumejifunga vema kwa safari ya mtu mmoja, na wa pili hakuwamo katika hesabu.

Mfano mwingine wa mbio zile hutajwa kinyume cha huo. Mwaka 1934 René Vietto, kijana wa miaka 20, alimpa Antonin Magne gurudumu lake la mbele, na kesho yake akageuka akapanda tena mlima ili ampe baisikeli yake. Magne akashinda, Vietto akawa wa tano. Watu humsifu, nasi twamsifu. Lakini Magne alikuwa mkubwa wa kikosi chake, na kutoa ilikuwa kazi yake Vietto. La kutufundisha kwake ni dogo zaidi, nalo ni kule kugeuka. Sisi siku ile tuliuwaza mpira peke yake, tutoe au tusitoe, wala haikutujia ya kwamba tungaliweza kugeuka: kumpakia mtoto juu ya keria yetu iliyokuwa nzima, na kumrudisha Singida, baba akitufuata kwa miguu. Ingalitugharimu siku moja. Muda nao ulikuwamo mfukoni mwetu, nasi hatukuuhesabu kuwa ni akiba, tuliuhesabu kuwa ni safari yenyewe.

Siku hizi kugawana kumekuwa kugumu kwa sababu nyingine isiyo ya moyo. Zamani baisikeli zetu zilikuwa karibu za namna moja, na mpira wa mwalimu uliingia katika gurudumu la mchoma mkaa bila ugomvi. Sasa zimekuja za inchi 26 na nyinginezo, na vali zake ni kama za motokaa, hata pampu ya mmoja haishiki kwa mwenziwe. Mtu aweza kusimama karibu na mhitaji, na mfuko umejaa, asiwe na la kumpa. Kwa hiyo tumejizoeza kubeba kichwa cha pampu cha kugeuza, ambacho ni kidogo kama kifungo, na mipira miwili ya inchi 28 badala ya mmoja, kila mmoja katika kitambaa chake. Ule wa pili hatuuhesabu katika safari yetu. Ukitoka, twasafiri kama kawaida. Usipotoka, twarudi nao.

Umetoka mara kadhaa. Mara moja tulimpa kijana karibu na Babati, naye alishukuru sana. Mwaka uliofuata tukamkuta, si mbali na mahali palepale, tairi imelala, hana pampu, hana viraka, hana msasa. Alitutambua, akacheka kwa furaha, akasema, "Shikamoo mzee! Leo tena Mungu amekuleta." Tuliitikia salamu yake. Tukashuka, tukautazama mpira wake: tundu moja la mbigili, mbali na vali. Tukafungua mfuko tukampa pampu, na msasa, na kiraka, na solusheni. Mpira wa pili tukauacha ndani ya kitambaa chake, naye akauona, wala hakuuliza. Tukaketi naye kivulini hata alipokwisha kuziba. Ilichukua karibu saa nzima, maana alikuwa hajapata kuziba kwa mkono wake mwenyewe, na mara ya kwanza alibandika kabla solusheni haijakauka.